Kwenda Kisauni kwa Njia ya Mazeras

Jamani, nimechoka. Tangu nirudi sijamaliza hata kanzu moja. Nikitia uzi tu kwenye sindano, mtu huyo mlangoni: "Fundi Juma, hebu tupe, ilikuwaje?" Nikimaliza kumweleza, mwingine anavua viatu. Na kila mmoja anakuja na yake aliyoyasikia. Huyu kasikia nilikamatwa Mazeras nikiiba tembo la mnazi. Yule kasikia nilimaliza mashindano nimejifunga leso. Na jirani yangu wa ukuta mmoja anawaambia watu kwamba mtu mzima wa miaka arubaini na minne alitakiwa afike Kisauni jioni, akarudi baada ya siku tatu.

Mengine katika hayo ni kweli, na ndiyo yanayoniudhi zaidi. Basi nimenunua daftari nikaandika yote. Atakaye asome, asiyejua kusoma atafute wa kumsomea, lakini mniache nishone.

Nyinyi mliohamia Timbwani hapa Likoni juzi hamjui kwa nini naitwa Juma Lori. Nilipokuwa kijana, yapata miaka kumi na minane sasa, nilishinda mashindano ya baiskeli, nikanyang'anywa ushindi kabla jasho halijakauka. Bakari wa Kisauni, aliyekuwa wa pili, alisema kaniona kwa macho yake nimeshika lori nyuma, linanivuta kwenye mlima wa Mazeras. Mimi nikaapa mbele ya watu kwamba sikushika. Kisauni wakaniita Juma Lori. Likoni wakamwita yeye Bakari Mchongezi, wakasema asikanyage tena huku. Lakini jina langu lilivuka maji upesi kuliko mimi, na hata walionitetea wakawa wananiita Lori, ati kwa mapenzi.

Mke wangu akawa mke wa Lori. Binti yangu Mwanamisi akazaliwa binti Lori, na yeye hakulichukua kwa mapenzi. Mwaka jana alirudi kutoka kisimani na ndoo tupu na shavu limekwaruzwa. Alikuwa amepigana na Mwanasiti, shoga yake tangu utotoni, kwa sababu Mwanasiti alisema lori lilishikwa. "Nimemwambia baba yangu haapi uongo," akanambia. Mimi nikainamia kitambaa.

Basi vita vilipokwisha na matairi yakaanza kuonekana tena madukani, ikatangazwa kwamba mashindano yamerudi: Likoni, feri, Makupa, Changamwe, Mazeras, kisha kugeuza mpaka Daraja la Nyali na kumalizia Kisauni. Nikasema hapa ndipo. Nitaupanda mlima ule mchana kweupe, kwa miguu yangu miwili, nifike Kisauni watu wakiniangalia, na jina hili lizikwe. Kushinda sikuwa na haja nako. Nilitaka kufika tu.

"Kisauni iko pale pale, haijahama," mke wangu akasema. "Pita darajani, nusu siku umefika. Kwa nini uzungukie Mazeras?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya wanaume. Akacheka mpaka akakaa chini.

Timbwani mpaka ferini

Wengi walidhani nitakufa njiani. Walisahau kwamba fundi cherehani anakanyaga pedeli kutwa, tena miaka nenda miaka rudi, ila cherehani haimfikishi popote. Miguu nilikuwa nayo. Tumbo ndilo lililokuwa la ziada. Asubuhi ile mke wangu alinipaka mafuta ya nazi tangu mapajani mpaka vifundoni nikang'ara, nikavaa kaptura niliyoishona mwenyewe, ya khaki, inayobana vizuri. Ikumbukeni kaptura hiyo.

Filimbi ilipolia, nilitoka kama niliyefukuzwa na nyuki. Vijana walikuwa bado wanatazamana. Nikawapita wote, nikateremka mpaka ferini, nikafika wa kwanza, na watu wa Timbwani wakapiga vigelegele ambavyo sitavisahau.

Feri ilikuwa ng'ambo.

Tuliisubiri karibu saa nzima. Vijana wakaja mmoja mmoja, wakapumzika, wakanywa maji, wengine wakalala kwenye kivuli cha ukuta. Mimi sikukaa. Nilisimama mbele kabisa, nimeshika usukani, nikawaambia wote waliotaka kusikia kwamba hadi hapo mimi ndiye wa kwanza. Feri ilipokuja ikaja na nahodha mkali. Likaingizwa gari la Mzungu, sisi tukaambiwa turudi nyuma, nyuma, nyuma zaidi, na mimi niliyekuwa wa kwanza nikajikuta nimebanwa pembeni na mbuzi watatu na mama mwenye kapu la ndimu. Tuliposhuka upande wa kisiwani nilikuwa wa mwisho, nanukia mbuzi.

Na huko ng'ambo, kando ya njia, ndiko alikosimama Bakari. Wakubwa wa mashindano walimruhusu aanzie hapo, kwa kuwa Likoni hakanyagi. Sikuwa nimemwona kwa karibu tangu siku ile. Sasa ni mpishi wa pilau za harusi, na mwili wake unatoa ushahidi. Kofia nyeupe, baiskeli nyeusi, tumbo kushinda langu. Alinitazama, nikamtazama, kila mtu akatazama tairi lake.

Makupa mpaka Changamwe

Kisiwani hakuna la kusimulia, watu walinipungia mkono wakidhani napeleka barua. Makupa upepo ulikuwa wa mbele. Nilipofika Changamwe, mti wa kuzuia njia penye reli ulikuwa umeteremshwa, na treni ya mizigo ikipita polepole, behewa kwa behewa. Kando ya njia alikuwapo mama wa mahamri na mbaazi.

"Karibu, baba. Waenda wapi na jua hili?"

"Kisauni."

Akaangalia nilikotoka, akaangalia ninakoelekea. "Kisauni umeipa mgongo, baba."

"Najua, mama. Napitia Mazeras."

Alinipakulia mbaazi kwa upole, kama anavyopakuliwa mtu aliyefiwa, akaniongezea hamri moja juu. Nilikula nikiisubiri treni. Ilipokwisha kupita, zilikuwa zimekwisha hamri nne na bakuli mbili za mbaazi, na tui lake lilikuwa zito, wallahi. Huo ulikuwa upuuzi. Mtu anayekwenda kupanda mlima hali mbaazi za nazi. Lakini yule mama alikuwa amenionea huruma, na mimi huruma siikatai.

Mlima wa Mazeras

Baada ya Miritini njia inaanza kuinuka, na haiachi. Jua lilikuwa limesimama utosini. Mbaazi zilikuwa zimesimama kooni. Nilikanyaga, nikakanyaga, na kila nilipoinua uso mlima ulikuwa pale pale. Ndipo nikasikia muungurumo nyuma. Lori. Limejaa magunia, linapanda taratibu kiasi kwamba dereva alipata nafasi ya kunisalimu.

"Mzee! Shikamoo! Shika hapo nyuma nikuvute, hakuna anayeona!"

Hakunijua. Kijana wa watu, kanionea huruma tu kama yule mama wa mbaazi.

Sasa hapa naweka sindano chini, kwa sababu nusu yenu mmekwisha kusikia na nusu mtasikia leo. Lori lilipokuwa sambamba nami, mkono wangu wa kushoto uliachia usukani wenyewe. Sikuutuma. Ulinyooka ukaenda kuutafuta mnyororo wa nyuma ya lori, na ulijua uko urefu gani kutoka chini, na ulijua chuma kile kinavyochoma kwa jua.

Nilishika, jamani. Mwaka ule nilishika. Nilishika tangu chini ya mlima mpaka juu, nimefumba macho kwa vumbi, na nilipofika nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sikushika. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, watu wa Likoni walikuwa wamenibeba mabegani, na kuniteremsha chini nilikuona ni vibaya kuliko kuapa. Nikadhani kiapo kile kitapita. Kikakaa miaka kumi na minane, kikampata mpaka mtoto wangu kisimani.

"Shika, mzee!" dereva akasema tena.

"Nenda zako!" nikampigia kelele, nikasimama juu ya pedeli kwa nguvu zangu zote ili nilikimbie lile lori. Na hapo ndipo kaptura ilipopasuka, kutoka mkandani nyuma mpaka mbele kwenye kifungo. Ilitoa sauti ambayo dereva aliisikia juu ya injini yake. Alicheka mpaka lori likayumba.

Chini ya mnazi

Nilipofika juu, upepo wa Mazeras ulinikaribisha mahali ambapo upepo haupaswi kufika. Nikajisemea, Juma, bado kidogo tu, karani yuko pale mbele na muhuri wake. Maana siku hizi kila mwendeshaji hupigwa muhuri wa wino mkononi Mazeras, kuthibitisha kwamba kafika. Sheria hiyo ililetwa kwa ajili yangu.

Ndipo nikawaona mbele yangu wanawake wanne na mitungi ya maji kichwani, wanatembea katikati ya njia. Na wa pili kutoka kushoto, kwa mwendo ule wa kuburura kidogo mguu wa kulia, alikuwa mkwe wangu, mama yake mke wangu.

Mnajua, mke wangu ni Mrabai wa Mazeras. Na mnajua mambo ya mkwe. Mimi mama huyu nikimwona njiani nimevaa kanzu na koti hushuka, nikakaa kando, nikainamisha macho mpaka apite. Sembuse sasa, mapaja nje, nimepakwa mafuta, na nyuma nimepasuka mpaka kifungoni? Kumpita haiwezekani. Kubaki nyuma yake haiwezekani, akigeuka je? Nikatupa baiskeli, nikajitosa kichakani, nikachutama chini ya mnazi nikingoja wapite.

"Mwizi! Mwizi wa tembo!"

Sauti ilitoka mbinguni. Nikaangalia juu. Juu ya mnazi kulikuwa na mgema, ameshika kisu na kibuyu, na miguuni pangu, shinani mwa mnazi, kulikuwa na vibuyu vitatu vimejaa, ambavyo wallahi sikuviona.

"Siibi! Mimi ni Mwislamu!"

"Hao ndio wanaonimalizia!" akasema mgema, akaanza kuteremka. "Mulungu wangu, hata suruali kaichana ili akimbie!"

Kelele zikawaleta wale wanawake. Nilijifunika uso kwa mikono, na baadaye nikafikiri kwamba si uso uliohitaji kufunikwa. Watatu wakasimama kunitazama. Mkwe wangu alinitupia jicho mara moja tu, akageuka akanipa mgongo, mtungi ukiwa bado kichwani, haujamwagika hata tone.

"Mimi sijaona mtu," akasema.

"Huyu hapa, Mama Dzame!" mgema akasema. "Mwizi!"

"Nimesema sijaona mtu. Lakini kama kungekuwa na mtu, asingekuwa mwizi, angekuwa mtu wa heshima aliyepatwa na jambo. Ewe Kanze, mtue mwenzio mtungi." Alipotuliwa akafungua leso yake ya juu, akairusha nyuma bila kugeuka. Ikanitua kichwani. "Kama kuna mtu, ajifunge hiyo. Mwulizeni, wangu wa Likoni hajambo?"

Kanze akaniuliza, "Anauliza, wake wa Likoni hajambo?"

"Mwambie hajambo sana, na anamsalimu," nikasema kutoka ndani ya leso.

"Anasema hajambo sana."

"Nimesikia. Mwambieni haondoki kwangu bila kula."

Nikamwambia Kanze amwambie kwamba niko kwenye mashindano. Kanze akamwambia. Mkwe wangu akafikiri kidogo.

"Mwulizeni, yeye ni wa ngapi?"

Kanze akanitazama. Mimi nikatazama vibuyu.

"Basi atakula," mkwe wangu akasema.

Nikalishwa sima ya muhogo na papa mkavu wa nazi, nyuma ya nyumba, peke yangu, nimejifunga leso, na mgema akaja kuniomba radhi na kukaa nami. Nazi juu ya nazi. Niliondoka pale nikiwa nimetiwa shehena.

Benchi la karani

Penye muhuri palikuwa na meza, benchi, na juu ya benchi Bakari. Karani hayupo.

Sikutaka kusema naye. Lakini alinitangulia. "Assalaamu alaykum," akasema, na salamu ile haiachwi hewani.

"Waalaykumu ssalaam."

Nikakaa upande wa pili wa benchi.

"Karani kahesabu waliopita, akaona wametosha," Bakari akasema. "Kaenda kanisani. Kautia muhuri mfukoni."

"Aa."

Akaitazama leso. "Ya nani?"

"Ya mkwe."

"Kaptura imepasuka?"

"Imepasuka."

"Nani aliishona?"

"Mimi."

Akageuka kuangalia minazi. Nikaona mabega yake yanatikisika.

Nami nikamwuliza yeye kilichomchelewesha. Akanambia kwamba alipofika Miritini alisikia harufu ya wali unaungua. Kulikuwa na harusi. Akajaribu kupita, hakuweza, akashuka akaingia, akamkuta mpishi kijana kaongeza kuni badala ya kutoa. Ikabidi atoe moto, ahamishe sufuria, atie vitunguu vya kuficha harufu, asimame mpaka wali ukae. "Ningepitaje, Juma? Wali wa watu mia mbili?" Na mimi fundi, nikamwelewa.

Kanisani walikuwa wakiimba. Kila wimbo ulipokwisha tuliinuka tukajipangusa, na kila tulipoinuka ukaanza mwingine. Wakristo wa Mazeras wana nyimbo, msicheze nao.

"Tungeweza kwenda tu bila muhuri," nikasema. "Watatuamini."

"Nani atatuamini?" akasema Bakari. "Mimi na wewe?"

Tukacheka wote wawili, na kicheko kikaisha vibaya. Kwa sababu alipomaliza kucheka alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama yangu mdogo alifia Mtongwe mwaka wa pili wa vita. Yeye ndiye aliyenilea. Sikwenda kumzika. Ningepita vipi Likoni, wanipigie kelele za uchongezi mbele ya jeneza?"

Mnasikia? Mtu hakuzika. Nami nilikuwepo kwenye mazishi yale, nilimshonea sanda. Niliiona nafasi yake tupu na nikafurahi kwamba anaogopa.

Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua. Wimbo ukaisha, mlango wa kanisa ukafunguliwa, karani akaja mbio akiomba samahani, akatugonga muhuri mikononi. Nikafunga mdomo nikapanda baiskeli.

Kuteremka mpaka Nyali

Mlima ule ule, kuuteremka ni starehe. Tulishuka pamoja, Bakari na mimi, leso ikipepea, matumbo yakitangulia, watu wa Miritini wakitoka majumbani kutuangalia. Pale penye harusi walimwita Bakari kwa jina wakampungia miiko. Changamwe mama wa mbaazi alisimama, mkono kichwani. "Baba, umekwenda kweli Mazeras? Na hiyo leso?"

"Ni habari ndefu, mama!"

Daraja la Nyali, mnalijua, linaelea. Linapanda na kushuka na maji, na ndani yangu mbaazi na papa na tui la nyumba mbili vilipanda na kushuka nalo. Mlinzi wa daraja alituona kwa mbali akapiga kelele, "Ewe mama! Shuka kwenye baiskeli!" Nikamwambia mimi si mama. Akaja karibu, akanizunguka, akaridhika, akasema hata hivyo nishuke. Nilishukuru. Nilitembea nimeishika baiskeli kama mkongojo, nimefunga macho, na Bakari akinambia, "Bado kidogo. Bado kidogo, Juma."

Kisauni

Vijana walikuwa wamefika zamani, wengine wamekwisha kuoga. Lakini uwanjani watu walikuwa bado wamejaa, kwa sababu pilau ilikuwa bado haijapakuliwa. Watu wa Likoni walikuwa upande mmoja, wa Kisauni upande wa pili, na mbele ya watu wa Likoni alisimama Mwanamisi na shangazi yake. Walituona tunatokea, wazee wawili wa mwisho, na pakalipuka makelele.

Haya, mtu ni mtu. Nilipoyasikia makelele nilisahau yote. Nikasimama juu ya pedeli. Bakari naye akasimama. Tulikanyaga kufa kupona, tukipigania nani awe wa mwisho na nani awe wa pili kutoka mwisho. Nilikuwa nimempita kwa gurudumu moja, hatua ishirini tu kufika kamba ya mwisho, leso ikaingia kwenye mnyororo. Gurudumu likakaza, nikaenda chini na baiskeli juu yangu, leso imenifunga kiunoni na kwenye meno ya chuma, siwezi hata kugeuka.

Bakari alinipita. Kamba ilikuwa pale mbele ya pua yake. Akafunga breki, akashuka, akaacha baiskeli yake ianguke, akarudi kwangu. Akapiga magoti, akatia vidole kwenye mnyororo, akaanza kuitoa leso uzi kwa uzi, grisi mpaka viwikoni.

"Usimguse!" watu wa Likoni wakapiga kelele. "Mchongezi! Ondoka hapo! Utamsingizia tena!"

Na sauti iliyokuwa kali kuliko zote ilikuwa ya binti yangu. "Mwache baba yangu, mwongo wewe!"

Bakari hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa uzi. Nikaona masikio yake tu, na jasho linamchuruzika.

"Nilishika," nikasema.

"Umeshika nini?" akauliza shangazi yake Mwanamisi, aliyekuwa karibu.

"Lori. Mwaka ule nilishika lori, mkono wa kushoto, tangu chini mpaka juu. Niliapa uongo. Bakari alisema kweli na nyinyi mmemtukana miaka kumi na minane kwa ajili yangu."

Hata mpakuaji wa pilau alisimamisha upawa. Bakari akaketi chini vumbini, mikono myeusi juu ya magoti.

"Kwa nini hukusema pale benchini?"

"Niliogopa."

Kisha akatazama watu wake wa Kisauni, kisha watu wa Likoni, akapumua kama mtu anayetua gunia.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna hata mmoja aliyeniuliza niliona vipi. Lori limejaa makaa mpaka juu. Vumbi, mtu haoni mkono wake. Ningeonaje kutoka nyuma? Niliona kwa sababu nami nilikuwa nimeshika. Upande wa pili. Juma alifumba macho, mimi sikufumba."

Msiniulize nilijisikiaje. Nilitaka kumpiga, lakini leso ilikuwa bado imenifunga. Kisha mzee mmoja wa Kisauni akaanza kucheka, wa Likoni wakafuata, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Ndipo mtu akauliza: kama wa kwanza alishika na wa pili alishika, aliyeshinda ni wa tatu. Ni nani alikuwa wa tatu? Wakatazamana. Mmoja akasema alikuwa mtu wa Changamwe. Mwingine akasema la, wa Jomvu, na kisha alihamia Tanga. Tulikaa pilau nzima tukilitafuta jina lake hatukulipata, na mpaka leo silipati.

Mwanamisi hakucheka. Alinitazama mara moja, akateremsha buibui usoni, akamshika shangazi yake mkono wakaondoka.

Kurudi

Kwa hivyo jirani yangu ajue sikupotea. Asubuhi yake nilipojaribu kuinuka miguu ilikataa. Nilikuwa kwa Bakari, nimelazwa kama mzazi, na Bakari akinipikia. Biriani siku ya kwanza, wali wa nazi siku ya pili, nikamwomba kwa jina la Mungu asitie tena nazi. Siku ya tatu alikuwa akinikanda magoti tukasikia hodi. Alikuwa Mwanamisi.

Alimwamkia Bakari shikamoo, akakataa kukaa. "Nimekuja kumchukua baba," akasema.

Tulikwenda mwendo wa kinyonga, mimi nimeegemea baiskeli, yeye mbele kidogo. Tulipofika feri na kuingia, akasema huku akitazama maji, "Mwanasiti nilimkwaruza uso kwa ajili yako."

"Najua."

"Na yeye alikuwa akisema kweli."

"Alikuwa akisema kweli, mwanangu."

"Jana nilikwenda kwao kumwomba radhi. Mama yake aliniacha nisimame mlangoni." Akafuta macho kwa ncha ya buibui, kwa hasira. "Ungenambia mimi, baba. Mimi tu. Ningejua la kujibu."

Nilitaka kumwambia nimefika Kisauni kwa miguu yangu, lakini neno hilo nililimeza. Feri ikagonga nchi kavu upande wa Likoni, na watu waliokuwa wanangoja kupanda wakaniona.

"Lo! Lori hilo linarudi!" mmoja akapaza sauti, na wenzake wakaanza kuangua vicheko.

Nilimshika Mwanamisi mkono, maana nilimjua, angemrukia mtu. Akautoa mkono wangu taratibu, akautia begani kwake niegemee vizuri.

"Ndilo," akawajibu, feri nzima ikisikia. "Haya, pisheni lipite."

Wakapisha.